Mke Wangu Alikuwa Bado Hajaelewa

Babu yangu aliacha kaunta buku moja lenye jalada jeusi lililochakaa. Ndani yake hakuna maelezo marefu. Kuna tarehe, jina la kijiji, andiko alilohubiri, na idadi ya waliokata shauri siku hiyo. Dongobesh, wanne. Haydom, kumi na mmoja. Balangdalalu, wawili. Endasak, hakuna, mvua. Jina la Basotu, nyumbani, linatokea mara chache sana, na likitokea halina idadi mbele yake.

Babu alikuwa mhubiri wa kutembea. Alianza kwa miguu, baadaye akapata baiskeli, akazunguka Hanang na Mbulu kwa zaidi ya miaka ishirini. Alifariki mwaka 2016, nami nikiwa kidato cha tatu. Sasa nasoma shahada ya uzamili ya fasihi hapa Dodoma, na tasnifu yangu inahusu ushuhuda kama utanzu: yale masimulizi ambayo waliookoka husimama kanisani na kuyatoa, kuanzia dhambi, kisha mwanga, kisha njia, kisha mateso, kisha ushindi. Ushuhuda wa babu naujua kwa moyo, kwa sababu aliutoa kila Krismasi, na kila harusi, na kila msiba. Katika ushuhuda huo bibi yangu anatokea mara moja tu, katika sentensi moja: "Mke wangu alikuwa bado hajaelewa."

Nilipomwambia msimamizi wangu kwamba nataka kuandika juu ya ushuhuda wa Walokole, alinijibu kwamba siwezi kuanza bila kumsoma John Bunyan. Nikakunja uso. Mwingereza wa karne ya 17 ana habari gani na baiskeli ya babu? Lakini nilimsoma, na makala haya ni malipo ya kukunja uso kule.

Wengi wetu tumemwona Bunyan bila kujua jina lake. Kama ulisoma shule ya Jumapili, huenda ulionyeshwa picha ya mtu aliyeinama kwa mzigo mgongoni, akielekea mlango mwembamba. Picha hiyo inatoka katika The Pilgrim's Progress, kitabu kilichotoka mwaka 1678 na ambacho kwa Kiswahili kinajulikana kama Safari ya Msafiri. Isabel Hofmeyr, mtafiti wa Afrika Kusini, ameonyesha katika The Portable Bunyan (2004) kwamba kilitafsiriwa katika lugha za Kiafrika zipatazo 80. Anaonyesha pia kwamba Bunyan alipofanywa nguzo ya fasihi ya Kiingereza, safari zake huku kwetu zilisahauliwa kule kwao. Kwa Afrika Mashariki, mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012 juu ya Uamsho, anawaangalia Walokole kama watu waliojiona wasafiri wa namna ya Bunyan: watu waliotoka katika mji wa wazee wao na hawakutaka kurudi. Historia ile anaiita historia ya ukinzani. Kwa hiyo msimamizi wangu hakukosea. Umbo la ushuhuda wa babu lilikuwa limepita mikononi mwa Bunyan kabla ya kufika Hanang.

Tuanze na mwanzo wa kitabu. Mtu aitwaye Mkristo anasoma na kugundua kwamba mji wake utateketezwa. Anawaambia mke na watoto. Wanadhani amepata homa ya kichwa. Wanamlaza mapema wakitumaini usingizi utamponya. Asubuhi haponi. Hatimaye anaanza kukimbia. Mke na watoto wanamlilia arudi, naye anaziba masikio kwa vidole na kuongeza mbio, akipaza sauti kwamba anautaka uzima.

Nilipoisoma sehemu hii mara ya kwanza, mhadhiri alikuwa akizungumzia istiari, nami nilikuwa nafikiria ukurasa wa Basotu usio na idadi. Najua jibu ambalo wahakiki hulitoa: hii ni fumbo, mke si mke, mke ni dunia. Sawa. Lakini fumbo nalo linachagua vyombo vyake. Bunyan angeweza kuiwakilisha dunia kwa mfanyabiashara, au kwa mfalme, au kwa rafiki mlevi. Alimchagua mwanamke aliyebaki mlangoni na watoto. Na msomaji anafundishwa, kabla ya ukurasa wa pili kwisha, kwamba masikio yaliyozibwa ni dalili ya imani.

Sasa weka kitabu hicho kando ya maisha ya mtu aliyekiandika.

Bunyan alizaliwa mwaka 1628 kijijini Elstow, karibu na mji wa Bedford. Alikuwa fundi wa kuziba masufuria, kazi ya kuzunguka vijijini na nyundo begani. Wokovu wake haukuanzia kwa askofu. Anasimulia katika Grace Abounding (1666) kwamba siku moja akiwa kazini Bedford aliwakuta wanawake maskini wameketi mlangoni wakiota jua, wakizungumza habari za kuzaliwa upya, akatambua kwamba wanajua jambo asilolijua. Alijiunga na kanisa lao dogo, na katikati ya miaka ya 1650 akaanza kuhubiri: ghalani, majumbani, nje chini ya miti. Hakuwa na shahada wala upadri.

Mwaka 1660 mfalme alirudi Uingereza, na Kanisa la serikali likarudi pamoja naye. Tarehe 12 Novemba mwaka huo Bunyan alikuwa ahubiri katika nyumba moja kijijini Lower Samsell. Aliambiwa mapema kwamba hati ya kumkamata imeshatoka. Angeweza kuahirisha ibada. Aliona kwamba akikimbia yeye, waumini wapya watakimbia pia, akabaki, akakamatwa. Walitumia sheria ya mwaka 1593 iliyokataza mikutano ya dini nje ya Kanisa la serikali. Aliambiwa wazi: ahidi kuacha kuhubiri, uende nyumbani. Hakuahidi. Alikaa gerezani miaka 12, akisuka kamba za nguo na viatu ili familia yake ipate kula.

Familia yake. Mke wa kwanza alikuwa amefariki na kumwachia watoto wanne, wa kwanza, Mary, akiwa kipofu tangu kuzaliwa. Mke wa pili, Elizabeth, alikuwa ameolewa chini ya miaka miwili. Mumewe alipokamatwa alikuwa mjamzito. Mshtuko ukamletea uchungu kabla ya wakati, akateseka siku nane, na mtoto akafa.

Haya hayamo katika fumbo. Yamo katika maandishi mengine ya Bunyan, kumbukumbu ya kukamatwa kwake aliyoiandika gerezani. Humo anasimulia jinsi Elizabeth alivyosafiri hadi London kupeleka ombi kwa mabwana wa Bunge, na jinsi alivyorudi Bedford mwezi Agosti mwaka 1661 majaji walipofika mjini. Alimpa ombi Jaji Matthew Hale. Siku iliyofuata alilirusha ombi jingine ndani ya gari la farasi la Jaji Twisdon, ambaye alimkaripia. Mwishowe akaingia chumba walimokuwa majaji pamoja na wakubwa wengi wa wilaya, mwanamke kijana, peke yake.

Naomba msomaji uitafute sehemu hiyo uisome. Ni mazungumzo ya kurasa chache, na kwa maoni yangu hakuna mhusika wa Bunyan anayezungumza vizuri kama mwanamke huyu. Wanamwambia mumewe amehukumiwa kihalali. Anawajibu kwamba alihukumiwa kabla hajakiri kosa. Wanamuuliza kama ataacha kuhubiri. Anawaambia bila kupepesa kwamba hataacha maadamu anaweza kusema. Anawaeleza habari za watoto wanne wadogo, mmoja kipofu, na kwamba wanaishi kwa msaada wa watu. Hale, aliyekuwa mpole kuliko wenzake, anamshangaa kuwa na watoto wanne katika umri ule. Anamweleza kwamba ni mama yao wa kambo, na kwamba wake mwenyewe alikufa. Jaji mmoja anapouliza kazi ya mumewe, watu chumbani wanapaza sauti kwamba ni mziba masufuria. Elizabeth anakubali, kisha anasema kwamba ndiyo maana anadharauliwa na kunyimwa haki, kwa kuwa ni fundi na ni maskini.

Hakufanikiwa. Na maandishi hayo hayakuchapwa hadi mwaka 1765, zaidi ya miaka 100 baada ya siku ile. Katika muda huo, Mkristo mwenye vidole masikioni alikuwa ameshasomwa na vizazi vitatu.

Ndipo ninapoona jambo ambalo wahakiki wa Bunyan niliowasoma wanalipita haraka. Mtu yule yule aliandika mke wa aina mbili. Katika fumbo, mke ndiye kizuizi cha safari. Katika kumbukumbu, mke ndiye anayeitetea safari mbele ya majaji, huku akiilipia. Na kilichosafiri hadi kwetu ni kile cha kwanza.

Nimtendee haki Bunyan. Katika Grace Abounding anakiri kwamba kutengana na mkewe na watoto kulimuuma kama kubanduliwa nyama mfupani, na kwamba Mary ndiye aliyemuumiza zaidi. Katika fumbo lenyewe, Mkristo anaulizwa njiani kwa nini hakuja na familia yake, naye analia. Na mwaka 1684 Bunyan aliongeza sehemu ya pili, ambamo mke, Kristiana, anafunga safari na wanawe wanne. Wengi wanaiona sehemu hiyo kama fidia. Mimi siioni hivyo. Kristiana anaanza safari kwa majuto: anajilaumu kwa kumzuia mumewe na kukataa kwenda naye. Mumewe hajilaumu kwa lolote. Kwa lugha ya babu, hatimaye mke ameelewa.

Sasa turudi Afrika Mashariki, maana huku pia kuna waliofukuzwa kwa kukataa kunyamaza. Uamsho ulianza kupata sura baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church kukutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929. Ulipita Gahini nchini Rwanda, Kigezi, Bukoba, ukaingia Kenya na Tanganyika ya kati. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono walifukuzwa kwa kukaidi amri ya mkuu wa chuo iliyowazuia mikutano yao ya alfajiri na kuhubiriana. Mmoja wao, William Nagenda, hakupata kuwa mchungaji. Alihubiri bila daraja lolote, Afrika na ng'ambo, kwa maisha yake yaliyobaki. Ukimsoma Bunyan baada ya kusoma habari za Mukono, utadhani umekutana na ndugu wa ukoo mmoja.

Lakini Walokole walikuwa na kitu ambacho Mkristo wa Bunyan hakuwa nacho: ushirika. Walikutana kila wiki kutubu mbele ya wenzao, na dhambi zilizotajwa hazikuwa za mbinguni tu. Walitaja ugomvi wa nyumbani, fedha iliyofichwa, maneno makali kwa mke. Wazee wa jadi walichukizwa na utamaduni huu wa kuanika ya ndani. Mimi naona ndiyo sehemu yake yenye thamani kubwa kifasihi, kwa sababu inamlazimisha msimulizi kurudi mlangoni alikokimbia.

Mfano ninaoupenda ni wa Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi. Miaka ya 1940 alikuja kufundisha hapa Dodoma pamoja na mkewe Mera, na siku za mapumziko akihubiri vijijini. Alikuwa akisimulia kwamba siku moja aligombana na Mera, kisha akatoka kwenda kuhubiri. Njiani Roho akamwambia arudi aombe na mkewe. Akajibu kwamba ibada inaanza baada ya dakika 20, ataomba naye akirudi. Roho akamwambia: basi nenda kahubiri, mimi nitabaki na mkeo jikoni. Festo akageuka akarudi.

Katika hadithi hiyo Mungu yuko jikoni. Mhubiri anaziba masikio kama Mkristo, lakini sauti anayoikimbia si ya dunia, ni ya yule anayedai kumtumikia. Ni kama mtu ameushika ukurasa wa kwanza wa Safari ya Msafiri na kuupindua. Nina lawama moja tu: hata hapa Mera hasemi kitu. Tunajua Roho alisema nini na Festo alijibu nini. Mera alikuwa jikoni na hasira yake, na hasira hiyo ilikuwa na sababu, na sababu hiyo hatuijui. Hata hivyo, Februari 1977, baada ya serikali ya Idi Amin kumuua Askofu Mkuu Janani Luwum, Festo na Mera walivuka milima usiku kwa miguu kuingia Rwanda. Safari hiyo waliitembea wote wawili.

Desemba iliyopita nilikwenda Basotu na simu ya kurekodia na orodha ya maswali 22. Ilikuwa msimu wa kupanda, upepo unavuma kutoka ziwani, na bibi hakuwa na muda wa mchana. Tulizungumza usiku, yeye akipukuchua mahindi. Nilimuuliza babu aliokoka lini, alihubiri wapi kwanza, nani alimpa baiskeli. Alijibu yote kwa ufupi. Nilipofika swali la kumi au zaidi kidogo, aliweka gunzi chini.

"Mjukuu wangu," alisema, "umeuliza alikwenda wapi. Hujauliza sisi tulikula nini."

Nikamuuliza.

Alinieleza kwamba babu alikuwa mwinjilisti mwenye posho ndogo, mpaka siku alipoambiwa na viongozi wake asihubiri nje ya eneo lake bila barua. Sehemu hii ya hadithi naifahamu. Ndiyo "mateso" katika ushuhuda wa babu. Alikataa, kwa sababu waliomwita kule nje walikuwa hawana mtu. Jina lake likaondolewa kwenye orodha, na posho ikaondoka nalo. Babu aliimalizia habari hii kwa kusema Bwana aliwatunza. Bibi aliimalizia kwa hesabu. Aliuza mbuzi wawili, akaanza kununua perege wakavu ziwani na kuwapeleka kwa kichwa hadi mnadani. Mwaka uliofuata mvua ilikataa, naye akamtoa shule shangazi yangu, darasa la nne, ili ashike jembe na wadogo zake. Baba yangu, aliyekuwa mdogo na mvulana, aliendelea na shule.

Kwetu husemwa kwamba shangazi hakupenda shule. Nimelisikia tangu utotoni na nimelirudia mwenyewe, kwa kucheka, mbele yake. Yeye hucheka pia. Nilizima simu nikabaki nimekaa. Naandika tasnifu kwa sababu baba alisoma, na baba alisoma kwa sababu dada yake aliacha, na dada yake aliacha kwa sababu babu hakutaka kuomba barua. Katika kaunta buku, mwaka ule ndio wenye idadi kubwa kuliko yote.

Ingekuwa rahisi kuimalizia makala hapa kwa kumhukumu babu. Nilijaribu. Usiku ule nilimuuliza bibi kama babu angepaswa kuacha, aandikiwe barua, posho irudi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Angeacha ningemdharau," alisema. "Watu wa kule walikuwa wanamngoja. Lakini angeniuliza."

Niliporudi Dodoma nilimsoma Elizabeth tena, na nikaona nilimsoma vibaya mara ya kwanza. Nilidhani anawaomba majaji huruma. Anawaomba, ndiyo, lakini wanapompa njia rahisi, kusema tu kwamba mumewe ataacha, haichukui. Anawaambia hataacha. Jibu hilo ni lake, na kwa jibu hilo aliichagua njaa ya nyumba yake mbele ya mashahidi. Kwa hiyo si kweli kwamba wahubiri walikuwa na imani na wake zao wakawa na hasara. Wake walikuwa na vyote viwili. Tofauti ni kwamba Elizabeth aliulizwa, japo na jaji, na mtu mmoja akaliandika jibu lake.

Hiki ndicho ninachokidai kwa utanzu huu ninaousoma na ambao nimelelewa ndani yake. Ushuhuda ambao ndani yake mke "alikuwa bado hajaelewa" hauna kasoro ya heshima tu, una kasoro ya usanii na ya ukweli. Umemwondoa shahidi aliyeijua bei. Bunyan alipomruhusu Elizabeth azungumze aliandika kurasa zake zenye uhai kuliko zote, na ndizo ambazo hatukuletewa.

Nimebadili sura ya tatu ya tasnifu. Orodha ya maswali 22 nimeiweka kando, nimeandika nyingine, na swali la kwanza ni lile la bibi. Wa kuulizwa sasa ni shangazi. Nimempigia mara mbili. Mara ya kwanza alicheka akasema yeye hana ushuhuda. Mara ya pili alisema nisubiri avune maharage.